Diski Nayo Ina Fishi Yake ya Afya

Juma hili tuongee juu ya kitu ambacho vikundi vingi sasa vinacho: kompyuta ya kikundi na diski yake. Ndani yake mna nini? Hesabu za AVEC, majina ya wanachama, tarehe za kuzaliwa za watoto, picha za harusi na za wapendwa waliotutoka. Risasi zikianza kulia, begi linatiwa mgongoni na diski inakwenda nalo. Diski hiyo ikifa, nani atajua tena kila mama aliweka hisa ngapi na nani bado ana deni? Ugomvi wa kikundi unaanzia hapo.

Mama aliyezoea kupeleka mtoto kwenye kilo ataelewa haraka. Kila mwezi muuguzi anaandika uzito kwenye fishi, na kinachomshtua ni ule mstari ukianza kushuka. Diski nayo inajipima na kujiandikia fishi. Utaratibu huo unaitwa SMART. Mwaka 1992 kampuni ya IBM ilitia katika diski za mashine zake kubwa uwezo wa kuonya kabla ya kuharibika, na baadaye watengenezaji wengine wakakubaliana juu ya utaratibu mmoja.

Inajipimaje? Ndani ya diski ya kawaida kuna visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake kichwa kidogo cha kusoma kinaelea bila kugusa, na nafasi iliyo kati yao ni ndogo kuliko punje ya vumbi. Kila kisahani kimegawanywa vipande vidogo sana vinavyoitwa sekta. Sekta moja ikikataa kusomeka, diski inajaribu tena na tena. Ikishindwa, inaiandika kwenye orodha ya sekta zinazongoja. Ikihakikisha kwamba imeharibika, inaifunga, inatumia sekta ya akiba mahali pake, kisha inaongeza moja kwenye hesabu. Inaandika pia joto lake na saa zote ilizofanya kazi.

Wakati huo wewe huoni kitu. Faili zinafunguka kama kawaida. Fishi imeandikwa, lakini haina faida kama hakuna wa kuisoma.

Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Rangi ya buluu maana yake diski ni nzima, ya njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Mwombeni kijana anayejua kompyuta awaonyeshe namba mbili: ya sekta zilizobadilishwa na ya sekta zinazongoja. Ziandikeni kama zilivyo kwenye kaye ya kikundi, kila mwezi, pamoja na tarehe. Sifuri inayobaki sifuri ni habari njema. Namba inayopanda mwezi kwa mwezi ni mtoto anayepungua kilo.

Sasa, je, rangi ya buluu inatosha ili tulale usingizi? Hapana. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza wakati wa kukaguliwa ilikuwa na hatari mara 39 zaidi ya kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa. Kwa hiyo onyo likija, liaminini upesi. Lisipokuja, msijivune. Tena flashi na kadi za simu kwa kawaida hazina hata fishi ya kutuonyesha.

Huku kwetu kuna maadui wengine: umeme wa jenereta unaopanda na kushuka, vumbi, na pikipiki inayoruka mashimo. Msihamishe diski ikiwa inazunguka. Izimeni, ngojeni kidogo, kisha ifungeni katika kitambaa kikavu. Ikianza kutoa mlio wa kugonga-gonga, zimeni mara moja, msijaribu kuiwasha tena na tena. Rangi ikigeuka njano, kazi ya kwanza ni kunakili yale ya thamani kwenye diski nyingine. Habari ya kutengeneza itafuata.

Sanduku letu la AVEC lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wamama watatu, ili mmoja akipatwa na shida kikundi kisipotee. Hesabu zetu tuzilinde vivyo hivyo. Nakala ya kwanza ibaki kwenye kompyuta ya kikundi. Ya pili iwekwe kwenye diski nyingine, kwa mama anayeaminika wa kijiji kingine. Ya tatu iwe ya karatasi: hisa na madeni kwenye kaye, kwa bik. Lakini orodha zenye siri za wamama waliosaidiwa baada ya kudhulumiwa zisitembezwe ovyo. Nakala yake ifungwe kwa neno la siri, na lijulikane na wachache tu.

Koltani ya Rubaya hutoa tantali inayotiwa katika vipande vya umeme vya vifaa kama hivi, na kasiteriti ya Bisie hutoa bati la kuviunganisha. Ardhi yetu imelipia mashine hizi kwa bei kali. Zitufanyie basi kazi ya kutunza majina yetu.

Kwenye mkutano wa juma hili, karani aulizwe maswali mawili: namba za diski ni ngapi leo, na nakala ya pili iko kwa nani?