Manahodha Wengi wa Mkono Mmoja

Kuna kauli inayotembea katika viwanja vya michezo siku hizi, nayo imevaa joho la elimu hata watu wanaona haya kuipinga. Kauli yenyewe ni hii: kwamba mkono wa mwanadamu haujui kazi yake mpaka upigwe picha, upimwe, uhesabiwe na kusahihishwa. Mimi naipinga. Siipingi kwa sababu naichukia elimu, maana asiyeipenda elimu hana haja ya kuandika katika kurasa hizi. Naipinga kwa sababu naona kuwa imechukua sehemu moja ya elimu ikaiita elimu nzima.

Nimezaliwa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mahali ambapo watu wa mbali hupajua kwa pomboo wa bahari yake, na kwa msikiti wa Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi penye kibla yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi. Walakini anayetaka kuiona elimu ya mkono na ashuke pwani amtazame fundi wa ngalawa. Gogo la mwembe limelala juu ya mchanga. Fundi amesimama juu yake, na tezo inapanda na kushuka mbele ya vidole vya mguu wake mwenyewe. Kila pigo hung'oa ubale mwembamba, wala halizidi. Ukimuuliza kiwiko chake kilikuwa wapi tezo ilipokuwa juu, atakucheka. Ukimuuliza ubavu wa chombo umebaki unene gani, ataubisha kwa kidole, asikilize, kisha akujibu bila ya kukosea.

Mpwa wangu alikulia penye vibanzi hivyo. Alipokwenda bara kutafuta riziki, alipata kazi ya kubeba mifuko ya wachezaji katika uwanja mmoja wa gofu. Jioni, wenyewe wakiisha kuondoka, alishika fimbo akaupiga mpira kama alivyozoea kuona tezo ikipigwa, na mpira ulikwenda mbali, tena ulikwenda sawa. Watu wema walimwona, wakampatia mwalimu. Mwalimu akaleta kamera na rada. Akaambiwa kichwa kisitikisike, kiwiko kigande ubavuni, nyonga itangulie bega, kifundo cha mkono kisifunguke mapema. Kila agizo peke yake lilikuwa kweli. Yote kwa pamoja yalikuwa pingu. Baada ya mwaka mmoja aliniambia: "Mjomba, zamani nikitazama bendera, sasa najitazama mwenyewe, na mpira siuoni." Akaiacha fimbo, na riziki iliyokuwa ndani yake akaiacha pia.

Yamkini msomaji atauliza, gofu inatuhusu nini sisi watu wa mwambao? Inatuhusu. Haikuanza jana kwetu: Waingereza waliicheza Mnazi Mmoja, mjini Unguja, zama za ukoloni, na katika Kenya, Uganda na Tanzania wachezaji wengi wa kulipwa walianza kama mpwa wangu, kwa kubeba mifuko ya wengine na kujifunza kwa macho. Khasa hao ndio wenye kupoteza kitu macho yao yakidharauliwa.

Wapinzani wangu wana hoja mbili, nami sitazificha. Ya kwanza ni methali yetu wenyewe: samaki mkunje angali mbichi. Kosa lisilosahihishwa leo, wanasema, litakuwa ugonjwa kesho. Ya pili ni mfano wa Nick Faldo wa Uingereza, ambaye katikati ya miaka ya 1980 alikubali kulivunja pigo lake na kulijenga upya chini ya mwalimu David Leadbetter, kisha akashinda mashindano makuu mara sita, ya kwanza ikiwa 1987. Basi, wanauliza, mafundisho yalimwua huyu?

Najibu hoja ya pili kwanza. Faldo alikuwa bingwa aliyekwisha komaa, akamchagua mwalimu mmoja, akaifuata njia moja, akavumilia miaka miwili ya kushindwa. Hilo ni jambo moja. Kumpa kijana agizo jipya kila asubuhi kwa kuwa tarakimu ya jana haikupendeza ni jambo jingine. Tena tunamjua Faldo kwa sababu alirudi. Wale waliovunja mapigo yao wasiweze kuyajenga hawana vikombe vya kuonyesha, wala hapana anayewataja. Mtu akihesabu vyombo vilivyofika bandarini tu, ataapa kuwa bahari haizamishi.

Na kama ni mifano, mimi ninao wangu. Seve Ballesteros wa Hispania alijifunza utotoni katika mchanga wa pwani ya Pedreña kwa fimbo moja ya chuma, ile ya namba tatu, naye akaifanya fimbo hiyo moja itoe mapigo ya kila namna. Akashinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mwaka 1979, 1984 na 1988, na yale ya Masters huko Marekani mwaka 1980 na 1983. Nguvu zake zilipoanza kupungua alizunguka kwa walimu wengi, na pigo la zamani halikurudi. Maumivu ya mgongo yalikuwa na sehemu yake katika anguko lile, sikatai. Lakini wingi wa tiba haukumponya. Wazee walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sasa hoja ya samaki. Hapa sharti nijitenge na baadhi ya rafiki zangu, wanaosema kuwa kipaji ni cha kuzaliwa na kila mafundisho ni uharibifu. Hayo si kweli. Hakuna mtoto wa Kizimkazi aliyezaliwa anajua kushika usukani wa ngalawa. Alifundishwa, na alifundishwa sana: aliketi miguuni pa mtu mzima tangu mdogo, akaona, akaiga, akakosea, akalowa. Hicho tukiitacho asili aghalabu ni mafundisho ambayo hayakusemwa kwa maneno. Kwa hiyo ugomvi wangu si baina ya kufundisha na kutofundisha. Ni baina ya mwalimu anayemwelekeza mwanafunzi kwenye kazi na mwalimu anayemgeuza mwanafunzi ajikodolee macho mwenyewe.

Wala nisidhaniwe nasema haya kwa mapenzi ya pwani tu. Katika miaka ya 1920 mtaalamu Nikolai Bernstein, mjini Moscow, alipiga picha mikono ya mafundi waliokuwa wakigonga patasi kwa nyundo. Aliona kuwa bega na kiwiko havikupita njia ile ile mara mbili, ilhali kichwa cha nyundo kilifika pale pale. Viungo vilisaidiana, kimoja kikizidi kingine kikipunguza, ili kazi itimie. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha wasiojua gofu. Wengine waliambiwa waangalie mwendo wa mikono yao, wengine waangalie mwendo wa fimbo. Na waliotazama fimbo ndio waliokaribia shabaha zaidi, hata walipojaribiwa siku ya pili bila ya kukumbushwa. Kabla yao, mwaka 1992, Richard Masters alionyesha kuwa waliofundishwa kusukuma mpira shimoni kwa kanuni nyingi waliregarega walipotiwa hofu, na waliojifunza bila ya kanuni hizo walisimama imara. Maana kanuni ikiwa ulimini, hofu huja kuihoji. Ikiwa mkononi, hofu haina wa kuzungumza naye.

Basi rada ina kosa gani? Haina. Chombo kama TrackMan hupima mwendo wa fimbo na mzunguko wa mpira kwa usahihi ambao jicho haliupati, na mwalimu mwenye akili atafaidika nacho kama tabibu anavyofaidika na kipimo cha homa. Lakini tabibu hamwamuru mgonjwa apunguze homa kwa kuikumbuka. Tarakimu ni haki ya mwalimu. Ikimiminwa kichwani mwa mwanafunzi wakati mkono uko hewani, imefika kwa asiyeweza kuitumia. Nahodha wa ngalawa akipigwa na dharuba ya kusi hulegeza demani kabla hajaitaja. Lau angengoja kuambiwa pembe ya tanga, ndubi ingekwisha zama.

Tena kipimo kina tabia ya kupenda kifanani. Kila pigo lililo mbali na wastani huonekana kosa. Tukumbuke Christchurch, 1974: Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho, kinyume na busara iliyosema mkimbiaji ajifiche nyuma na kungoja kengele. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mwalimu aliyeabudu wastani angeisahihisha namna ile, na dunia isingeliiona.

Nayo haya hayaishii uwanjani. Katika madarasa yetu kijana hupewa kanuni kumi za insha kabla hajapewa insha moja nzuri ya kuisoma, kisha tunashangaa kwamba anaandika kama mwenye kuvuka mwamba kwa miguu mitupu.

Ninalodai si kubwa. Mwalimu atazame sana na aseme kidogo. Atoe agizo moja, alingoje lizame, ndipo atoe la pili. Kipimo akihifadhi yeye. Mwanafunzi aachiwe bendera, shimo, upepo na mpira. Na anayenipinga na aje Kizimkazi, asimame kando ya fundi, na tezo ikiwa juu amwambie akumbuke kiwiko chake. Ila kwanza autazame mguu wa fundi ulipo.