Kiingereza cha Safari: Saa ya Tiketi



Mama mmoja wa huku Rondo alishuka Lindi, apande basi la Dar es Salaam kumwuguza binti yake. Tiketi iliandikwa “Departure 6.00 a.m.” Mjukuu akamsomea: sita. Mama akafika stendi saa sita mchana, na basi limekwisha pita Nangurukuru zamani. Nauli ikapotea.

Basi, shikeni haya. “Departure” ni kuondoka. “Reporting time” ni saa ya kuwapo stendi, nayo hutangulia. “A.m.” ni tangu usiku wa manane hata adhuhuri, “p.m.” ni tangu adhuhuri hata usiku wa manane. Mwingereza huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi huanza jua lichomozapo. Kwa hiyo namba ikizidi sita, toa sita: 11.00 a.m. ni saa tano asubuhi. Ikiwa sita au pungufu, ongeza sita: 5.00 a.m. ni saa kumi na moja alfajiri. (Wasomi nao hukosea hapa, msione haya kuhesabu kwa vidole.)

“Seat No.” ni namba ya kiti chako.

Mama yule aliondoka kesho yake alfajiri, kwa nauli ya kukopa.