Riwaya Pendwa Ipewe Kiti Chake

Neno "pendwa" limegeuka kuwa hukumu katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili. Riwaya ikishabandikwa jina hilo, hutajwa kwa aya moja katika mhadhara wa historia ya riwaya, mwanafunzi akakariri kichwa chake na mwaka wa kuchapishwa, kisha mtihani ukapita na kitabu kikasahaulika. Riwaya inayoitwa "dhati" ndiyo hutengewa mihadhara, tasnifu na makongamano. Linaloshangaza ni kwamba "pendwa" ni neno lililozaliwa na kitenzi "kupenda". Kazi ya sanaa inaonekana kuadhibiwa kwa kosa la kupendwa na wasomaji wake.

Mgawanyo huo una manufaa kwa mhakiki anayetaka kupanga kazi katika makundi. Tatizo huanza pale unapofanywa kipimo cha ubora, kana kwamba kuainisha na kutathmini ni jambo moja. Riwaya ya upelelezi yaweza kuwa bora au duni, kama iwezavyo kuwa riwaya ya kihalisia. Makala haya yanapendekeza kwamba riwaya za upelelezi, za fantasia na za mapenzi zisomwe kwa makini na wanafunzi wa Kiswahili, na yanataja baadhi ya kazi zinazofaa kuanziwa.

Msomaji wa Kiswahili hakuanza jana kuvutiwa na mambo ya ajabu na ya siri. Ngano za pwani na bara zimejaa mazimwi, majini na ndege wasemao. Mwaka 1929, riwaya kwa maana yake ya kisasa ikiwa bado changa katika Kiswahili, visa vya kusisimua kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kazi ya H. Rider Haggard, vilikuwa vimekwisha kuwafikia wasomaji. Shaaban Robert naye, ambaye hakuna athubutuye kumwita mwandishi pendwa, aliiweka nchi ya Kusadikika (1951) angani, na katika Adili na Nduguze (1952) akasimulia habari za majini na za ndugu waliogeuzwa manyani. Lau kazi hizo zingeandikwa leo na kijana asiyejulikana, huenda zingepelekwa moja kwa moja kwenye rafu ya fantasia na kuachwa huko. Badala yake zinafundishwa, na ni haki zifundishwe, kwa kuwa walimu walikubali kutazama yale ambayo maajabu hayo yanasema kuhusu utawala, sheria na utu. Heshima iyo hiyo ndiyo inayoombewa warithi wake.

Katika upelelezi, mlango wa kuingilia ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Unguja. Mswada wake ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, na kitabu kikachapishwa mwaka 1960. Ni kweli kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafikiye Najum, ana damu ya Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Hata hivyo, mwigo hauelezi kila kitu. Kifo cha kutatanisha kinahusishwa na mahali panapoogopwa na watu, na mpelelezi analazimika kupambana na mhalifu pamoja na hofu inayomsitiri mhalifu huyo. Mizimu inabebeshwa dhambi iliyotendwa na binadamu, na jamii inaridhika kwa kuwa hakuna awezaye kuuhoji mzimu. Dhamira hiyo si finyu hata kidogo. Zaidi ya hayo, mazungumzo ya wahusika yamejaa utani, methali na kejeli za Kiunguja, kiasi kwamba mwanafunzi wa isimujamii atapata humo data ya kutosha. Anayevutiwa na kitabu hicho na aendelee hadi Kisima cha Giningi (1968) na Siri ya Sifuri (1974).

Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliupeleka upelelezi jijini Dar es Salaam na kuukabidhi kwa askari wa serikali, Inspekta Wingo. Tofauti yake na Bwana Msa, anayechunguza kwa hiari yake, inastahili swali la mtihani: je, msomaji wa miaka ya kwanza ya uhuru alikuwa ameanza kutarajia haki kutoka kwa dola? Muongo mmoja baadaye, swali lilikuwa limepanuka na kuvuka mipaka. Elvis Musiba alimzua Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979), jasusi anayepambana na maadui wa harakati za ukombozi wa Afrika. Ben Mtobwa (1958-2008) akamleta Joram Kiango, ambaye katika Tutarudi na Roho Zetu? anakabili njama za utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Anayetafiti jinsi vita vya ukombozi vilivyoeleweka na mwananchi wa kawaida wa nchi za mstari wa mbele hawezi kuvipita vitabu hivi, kwa sababu vilisomwa na watu ambao hawakuwahi kushika kitabu cha historia ya siasa.

Mtobwa ana funzo jingine. Alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, akawauzia wasomaji vitabu bila kungoja mtaala umteue. Dar es Salaam Usiku ilivuka mpaka na kutolewa upya na mchapishaji wa Nairobi. Kizuri chajiuza, na riwaya hiyo ilijiuza kwa kuwa iliuchora mji ambao wasomaji waliufahamu: baa, mitaa, tamaa ya fedha na upweke wa watu waliohamia mjini.

Kwa upande wa fantasia, Mkenya hana haja ya kwenda mbali. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyefariki mwaka 2004, aliwekwa kizuizini na serikali mwaka 1986. Riwaya yake ya Walenisi (1995) inamhusu Dzombo, anayehukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha kwenda angani, lakini badala ya kuangamia anafika katika nchi iliyojengwa juu ya usawa. Jina la nchi hiyo likivunjwa linatoa jibu la fumbo: wale ni sisi. Mwandishi aliyekwisha kuonja gharama ya kusema waziwazi alichagua chombo cha angani, na chombo hicho kikabeba hoja nzito kuliko ambayo hotuba ingeweza kubeba. Anayedai kwamba fantasia ni kuukimbia ukweli na aisome riwaya hiyo kabla ya kurudia dai lake.

Baada yake yafaa kusoma Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, ambamo mfu anarudi kumtoa jasho mjukuu wake aliyenenepa kwa madaraka, na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila, ambamo safari ya kinjozi kupitia mabara mbalimbali inageuka mashtaka dhidi ya utandawazi. Kazi hizi mbili zimepata heshima ya wahakiki chini ya majina kama vile majaribio au uhalisiajabu. Hilo lenyewe linafichua kigugumizi cha taaluma: maajabu yakiandikwa na profesa huitwa majaribio, yakiandikwa na mwingine huitwa porojo.

Mapenzi ndiyo mada inayodharauliwa zaidi, labda kwa sababu kila mtu anadhani anaifahamu. Mkangi huyo huyo alianza na riwaya ya mapenzi, Ukiwa (1975), na haielekei kwamba aliyeandika Walenisi alijifunza kumpenda binadamu baadaye. Riwaya inayofaa kupendekezwa kwa kila mwanafunzi ni Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, anapendana na Denge, kijana mpinga ukoloni wa Unguja. Ukiondoa mapenzi hayo, siasa ya riwaya inabaki mifupa mitupu, kwa kuwa rangi, dini, tabaka na ukoloni vinakutana katika mioyo ya watu wawili. Si ajabu kwamba Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021.

Wala chemchemi haijakauka. Kolonia Santita (2012) ya Enock Maregesi inamchukua msomaji wa Kiswahili hadi katika vita dhidi ya magenge ya dawa za kulevya ya Mexico, na ilikuwa miongoni mwa kazi zilizotuzwa mwaka 2015, tuzo ya Mabati-Cornell ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Nje ya vitabu, vijana wengi wanaandika visa vya kijasusi, vya kichawi na vya mahaba kwa sehemu sehemu na kuvisambaza kupitia simu, wakiwaachia wasomaji hamu ya sehemu inayofuata. Hiyo ni fasihi inayozaliwa mbele ya macho ya watafiti, na isipokusanywa sasa itapotea pamoja na simu zilizoibeba.

Wapinzani wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Nyingi ya riwaya hizi humsawiri mwanamke kama chambo au zawadi ya shujaa. Sadfa hutumiwa kufungua kila mlango uliofungwa. Wahusika wakuu hupigwa risasi wasife, na uhariri mara nyingi ni wa haraka. Yote hayo ni kweli, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo hakuna anayetaka kazi hizi zisifiwe ovyo. Zinachohitaji ni uhakiki. Mwanafunzi wa nadharia ya ufeministi atapata kazi kubwa zaidi kwa Willy Gamba kuliko kwa riwaya ambayo tayari inakubaliana naye. Mwanafunzi wa naratolojia ataielewa taharuki, mbinu rejeshi na uchelewesaji wa habari katika riwaya ya upelelezi, ambako msuko wote husimama au kuanguka kwa mbinu hizo. Hata mwigo wa ruwaza za kigeni ni mada ya mwingilianomatini. Lakini kisichosomwa hakiwezi kuhakikiwa, na mwandishi asiyehakikiwa hana wa kumrekebisha.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Kenya, ambako soko la riwaya ya Kiswahili linategemea mno shule. Utengano, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri na Nguu za Jadi ni riwaya zilizoteuliwa kwa nyakati tofauti kutahiniwa katika shule za upili, na kila moja ina thamani yake. Hakuna hata moja iliyo ya upelelezi au ya fantasia. Matokeo yake ni kwamba kijana huhitimu akiamini kuwa riwaya ya Kiswahili ni kitabu cha kuorodhesha maudhui: ufisadi, ukabila, elimu, nafasi ya mwanamke. Wengi hununua mwongozo na kukiacha kitabu. Wakitaka raha ya kusoma, hufungua riwaya za Kiingereza, na Kiswahili kikabaki lugha ya kufanyia mtihani. Mwandishi chipukizi mwenye kisa cha mauaji kilichosukwa vizuri hutazama soko hilo, akaona hakuna nafasi, akaandika hadithi nyingine ya kiongozi fisadi kwa matumaini ya kuteuliwa. Lugha isiyosomwa kwa raha hupungukiwa na msamiati wa hofu, wa mahaba, wa mzaha na wa ndoto, maana maneno hayo hayakui katika miongozo.

Riwaya ya upelelezi, hasa, ina dawa ya ugonjwa wa mwongozo. Mwongozo ukishamtaja muuaji, umekiharibu kitabu. Kwa hiyo msomaji analazimika kukisoma mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, akikumbuka nani alisema nini. Usomaji wa namna hiyo ndio ambao wahadhiri hulalamika kwamba hawauoni katika mwaka wa kwanza.

Hatua zinazohitajika si ghali. Idara zinaweza kuandaa kozi ya hiari kuhusu riwaya pendwa, au angalau kuongeza riwaya moja ya upelelezi na moja ya fantasia katika kozi za riwaya zilizopo. Wasimamizi wa tasnifu wanaweza kuacha kuwaelekeza wanafunzi wote kwa waandishi wale wale watano. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kutenga kurasa za mapitio ya vitabu vipya katika majarida yao, na kuandaa mashindano ya hadithi fupi za siri, za ajabu na za mapenzi, majaji wakizingatia ufundi wa msuko na wa lugha. Maktaba nazo ziombwe kununua nakala za kazi za Musiba na Mtobwa kabla hazijaadimika kabisa, kwa kuwa baadhi ya vitabu vya kampuni ndogo za miaka hiyo tayari ni vigumu kupatikana.

Kwa mwanafunzi asiyetaka kungoja kikao cha idara, likizo moja inatosha kuanza. Asome Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Walenisi, kisha Vuta N'kuvute, kwa mfuatano huo, bila mwongozo na bila kalamu ya kuorodhesha maudhui. Akimaliza, na arudi kwa mhadhiri wake na kumwuliza ni kipi kati ya vitabu hivyo vitatu kisichostahili mhadhara, na kwa sababu gani.