TAHARIRI: Komredi, uchumi unaousinzilia uko mlangoni pako

KUINGIA darasa la mtandaoni ni rahisi. Unabonyeza kiungo, jina linaonekana, unazima kamera, kisha unarudi kulala. Mhadhiri anabaki akieleza grafu ya mahitaji na ugavi kwa majina yaliyonyamaza.

Ukidhani mambo haya yatapita, sahau. Vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vikafunguliwa, lakini masomo ya mtandaoni yakabaki. Mwaka wa 2023 Kenya hata ilizindua Chuo Kikuu Huria, ambacho wanafunzi wake husomea mtandaoni.

Hatusemi wewe ni mvivu. Bando si bure, stima hupotea, na chumba mnachoishi watu watatu hakina kona ya kusomea. Tena uchumi ni somo la kupandiana: ukikosa wiki ya unyumbufu wa bei, wiki inayofuata ni giza tupu. Ari hufia hapo, unapoachwa nyuma na hakuna aliyegundua.

Vyuo navyo vibebe mzigo wao. Kusoma slaidi saa mbili si kufundisha. Rekodini vipindi, mtoe zoezi fupi kila wiki, na mumtafute mwanafunzi aliyepotea kabla ya mtihani kumpata.

Lakini kuna jambo usilohitaji mhadhiri akufanyie. Kila tarehe 14, EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta, hutangaza bei mpya. Andika ubashiri wako mapema. Kisha jiulize: mbona mafuta yakipanda nauli ya matatu hupanda chapchap, yakishuka makanga anajifanya hajasikia? Swali hilo moja lina mada kadhaa za kozi yako. Mwisho wa mwezi, KNBS hutoa takwimu za mfumuko wa bei. Zilinganishe na bei za nyanya kwa mama mboga wako. Benki Kuu ikibadilisha riba, bishaneni kwenye grupu ya WhatsApp nani anafaidi, nani anaumia.

Unajua maana ya gharama ya fursa. Saa uliyolala ungeitumia kuelewa jambo ambalo mwajiri atakuuliza, na karo ilishalipwa, pengine kwa mkopo utakaoulipa wewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kipindi kijacho washa maikrofoni, uulize swali moja tu.