Utulivu wa Moyo Si Badala ya Haki

Alfajiri hapa Kinoo, kabla ya matatu kuanza kupiga honi kwenye barabara kuu, mimi huketi kimya robo saa nikizifuata pumzi zangu. Sioni haya kukiri kwamba zoezi hilo limenipunguzia hasira darasani.

Hata hivyo, aghalabu nasikia mwalimu au mwanafunzi mwenye malalamiko akishauriwa atafakari, afanye yoga, au ajirudie maneno mema mpaka akili iyaamini, kama alivyofundisha Mfaransa Émile Coué, aliyefariki mwaka wa 1926. Je, dawa hiyo yatosha?

Tutazame mfano ulio karibu nasi. Shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 2007, limewafunza yoga vijana wa mitaa ya mabanda. Halikuwaambia wapumue na kusahau njaa. Liliwapa ujuzi wa kuwafundisha wengine ili wajipatie riziki.

Hapo ndipo penye fundisho. Utulivu humsaidia mtu kuitawala nafsi yake. Haumsahihishii mwalimu madaftari ya darasa lililofurika, wala haumlipii mzazi karo. Anayemhimiza mwalimu atulie huku akimnyima vifaa vya kazi, anamtaka anyamaze tu.

Basi wenzangu, tutafakari kwa bidii, kisha tufumbue macho na kudai haki zetu kwa sauti tulivu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walinena wahenga. Hawakusema abaki ameinama.