Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mgeni huja na mzigo wake na baraka yake. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika mji wa New York, ulio mkubwa kuliko miji yote ya Marekani, tangu tarehe 5 Septemba 2023 mwenyeji amefungwa kwa masharti yanayomfanya amwogope mgeni kama mtu aogopavyo deni. Nakusudia kuonyesha kwamba sheria iliyoleta masharti hayo ilitungwa kwa nia njema, ila mkuki wake ulirushwa vibaya. Ulilengwa simba, ukampata na mbuzi wa mjane.

Biashara ya kupangisha chumba kwa siku chache kwa njia ya intaneti ilianza kwa unyonge. Mwaka 2007 vijana wawili wa San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia, walilemewa na kodi ya nyumba yao. Siku hizo mkutano mkubwa ulikuwa umejaza hoteli za mji. Wakatandika sakafuni magodoro ya kujazwa upepo, wakawakaribisha wageni watatu kwa malipo. Mwaka uliofuata ikazaliwa kampuni iitwayo Airbnb, ambayo ni dalali kati ya mwenye chumba na msafiri. Haukupita muda mrefu, wenye mali wakanusa faida. Waliona kuwa nyumba ikipangishwa kwa wapitao, usiku baada ya usiku, yaweza kuleta fedha nyingi kuliko ikikaliwa na mpangaji mmoja mwaka mzima. Basi wakanunua nyumba, wakakodi nyingine, na pale palipokuwa na watu wa kuishi pakawa na vitanda vya watu wa kupita.

Ubaya huo siukatai. Utafiti wa mwaka 2018, ulioongozwa na David Wachsmuth wa Chuo Kikuu cha McGill na kuagizwa na chama cha wafanyakazi wa hoteli, ulikadiria kwamba nyumba kati ya 7,000 na 13,500 zilikuwa zimeondolewa katika soko la wapangaji wa New York. Na nyumba za kupangisha za mji huo zilipochunguzwa mwaka 2023, zilizoonekana tupu zilikuwa asilimia 1.41 tu, ndiyo kusema, katika kila nyumba 100 hazikutimia mbili. Mahali penye dhiki kama hiyo, anayewafungia wakazi milango ili awafungulie watalii anastahili kuzuiwa. Lakini utafiti ule ule ulifunua jambo jingine: sehemu moja ya kumi ya wenyeji, wale waliopata zaidi, walivuna asilimia 48 ya mapato yote. Mwenye kutaka kumwona simba alikwisha kuonyeshwa alipolala.

Sasa tuitazame sheria. Kabla yake, kupangisha nyumba nzima kwa siku zisizofika 30 kulikuwa kumekatazwa kwa sehemu kubwa, ila katazo lilikuwa halina meno. Sheria ya Mji Namba 18 ya mwaka 2022 ikalipa meno. Kila mwenyeji wa wageni wa muda mfupi sharti ajiandikishe kwa ada ya dola 145. Sharti awe anakaa katika makao yale yale pamoja na mgeni wake muda wote. Wageni wasizidi wawili. Wala mlango wa ndani usifungwe kwa kufuli ya kumtenga mgeni na sehemu nyingine za nyumba. Avunjaye masharti aweza kutozwa faini inayofika dola 5,000. Kampuni za madalali nazo zimekatazwa kupokea malipo ya mwenyeji asiyeandikishwa, nazo zina faini yao.

Kujiandikisha ni haki. Ada ni ndogo. Kumwajibisha dalali ni hekima. Lakini masharti yaliyobaki yanamwangukia nani? Tufikirie mjane mzee wa Queens, mwenye nyumba ya makao mawili, kama zilivyo nyingi katika sehemu ile. Yeye hukaa chini. Juu, penye mlango na jiko lake, hulala wanawe na wajukuu wajapo kumtembelea. Siku nyingine ghorofa ile ni tupu, lakini kodi ya serikali ya mji haiulizi kama ni tupu, wala paa haliachi kuvuja kwa kuwa mwenyewe ni mjane. Zamani aliwapokea wageni juu, akasikia nyayo zao usiku, akajua wametoka na wamerudi. Leo hawezi, kwa sababu ghorofa ile huhesabiwa kuwa makao mengine, na yeye huhesabiwa kuwa hayuko! Ngazi kumi na tano tu zimemfanya kuwa mgeni kwake mwenyewe. Na akitaka kuwapokea chini, baba na mama wenye watoto wawili watakuwa wamezidi, na yeye, mwanamke wa peke yake, hana ruhusa ya kufuli kati yake na watu asiowajua.

Watasema, na ampangishe mtu wa mwaka mzima. Neno hilo ni jepesi kwa asemaye. Ghorofa ikipangishwa mwaka mzima, wajukuu watalala wapi? Mtu hakujenga nyumba ili afunge mlango kwa damu yake. Ghorofa ambayo familia huitumia haikupata kuwa katika soko la wapangaji; basi haiwezi kudaiwa kuwa imeibwa humo. Watasema tena, wageni huwaletea jirani kelele na hatari ya moto. Ni kweli huweza kuwa hivyo. Dawa yake ni mkaguzi, na faini kwa mwenye kelele, na kufutwa katika daftari kwa mwenye kurudia. Mwizi akiingia sokoni, hukamatwa mwizi, soko halivunjwi.

Wala sidai jambo lisilowezekana. San Francisco, mji ule ule ilikozaliwa biashara hii, ulitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 2015. Humo mwenyeji sharti athibitishe kwamba anaishi katika nyumba ile angalau siku 275 kwa mwaka. Akiwapo nyumbani, apokee wageni bila kuhesabiwa siku. Asipokuwapo, mwisho wake ni siku 90. Sheria hiyo huuliza swali moja lenye maana: je, wewe unaishi hapa? Mwenye nyumba kumi hawezi kulijibu. Mjane wa Queens angelijibu kabla halijamalizwa.

Nani, basi, amepona? Mwaka 2024 bei ya wastani ya chumba cha hoteli katika New York ilipita dola 300 kwa usiku. Sitasema kuwa sheria hii peke yake ndiyo iliyoipandisha. Tangu 2021 mji umedai kibali maalumu kwa kila hoteli mpya, na tangu 2022 hoteli kadhaa ziligeuzwa kuwa makao ya wahamiaji. Lakini mpinzani akiondolewa sokoni, abakiye hapunguzi bei. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema, mgeni njoo, hoteli inenepe.

Kijana usomaye, usidhani kuwa mambo haya ni ya ng'ambo tu. Nairobi na Mombasa nako nyumba za kulaza wageni kwa siku chache zimeenea, na huenda siku moja wewe ukakaa katika baraza la kuzitungia sheria. Siku hiyo usimsikilize tajiri asemaye kwamba sheria yoyote ni uonevu, wala mwenye hasira asemaye kwamba kila mwenyeji ni mnyang'anyi. Mtenge aliyefungua mlango wa nyumba aishimo na aliyewatoa watu nyumbani mwao. Huyu wa pili mzuie kwa nguvu zote za sheria. Yule wa kwanza mwandikishe, mkague, mtoze kodi iliyo haki, kisha mwache amkaribishe mgeni wake.