Mawakili, Pangeni Kurasa Zenu

Mwezi uliopita mama mwenye nyumba wetu hapa Kamwokya alitangaza kwamba kodi ya chumba itapanda kwa theluthi moja. Nikakumbuka kuna wakili aliyewahi kulieleza jambo hili kwenye ukurasa wake wa X, nikaanza kutafuta. Nilipita harusi, mabao ya Arsenal, rambirambi, kiwanja kinachouzwa, kisha harusi tena. Bando likaisha njiani, na bando lenyewe tangu Julai 2021 tunalikatwa ushuru wa asilimia 12.

Kesho yake nikalipata: picha ya muswada, haina tarehe. Muswada si sheria! Kikomo cha nyongeza, asilimia 10 kwa mwaka, kimo katika Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022, ambayo kwake sikuiona.

Wataalamu wetu watasema wanajitolea, hawalipwi. Kweli. Lakini ofisini mwake wakili huyo hachanganyi mafaili ya wateja na kadi za harusi. Kuandika juu ya chapisho tarehe, mada, na kama ni muswada au sheria, ni kazi ya nusu dakika. Wengine huweka maelezo mazito kwenye stetasi ya WhatsApp, yafutike baada ya saa 24. Na waliorundika kila kitu Facebook bila nakala pengine, Januari 2021 ilipofungwa nchini, wasomaji wao walibaki nje.

Mama mwenye nyumba anarudi Jumamosi. Kifungu nimekinakili mwenyewe, na mwaka nimeuandika juu.